Taa imewaka kwenye dashibodi ya 4x4: kabla hujanunua sensa, kumbuka kwanza ulikopita

Taa ya kwenye dashibodi haikwambii kifaa gani kimekufa. Inakwambia tu kwamba kompyuta imeona kitu ambacho haikukitegemea, basi, yaliyobaki ni kazi yako au ya fundi wako kutafuta kwanini. Na kwenye gari ya 4x4 ambayo kweli inaingia matopeni, inavuka maji na kupanda mawe, hiyo kwanini mara nyingi iko nje, chini ya gari, kwenye waya uliosuguliwa na fremu au soketi iliyoingia maji au tope lililokaukia juu ya sensa, sio ndani ya kompyuta wala kwenye pampu ya ABS (mfumo unaozuia breki zisifunge matairi) kama watu wanavyopenda kukimbilia.

Mi haya niliyajua baada ya kuvuka mto siku moja, maji yalipanda hadi katikati ya mlango, gari ikatoka ng'ambo salama kabisa, kesho yake asubuhi sijafika hata kilomita mbili taa tatu zikawaka kwa mpigo, ABS, VSC (mfumo unaozuia gari kuteleza), na ile ya 4LO (gia nzito ya 4x4) ikawa inablinki. Gereji niliyoipeleka wakanipa jibu kabla hata mtu hajainama chini ya gari, pampu ya ABS imekufa, agiza nyingine. Nitairudia hii stori huko chini, ila ishike hapo hapo, taa tatu, siku moja baada ya maji, na jibu limetoka bila kipimo.

Rangi kwanza, alafu mengine

Nyekundu maana yake simama. Njano au rangi ya chungwa maana yake kuna tatizo lakini unaweza kujivuta hadi sehemu nzuri. Kijani na bluu ni taarifa tu. Hilo wengi wanalijua, shida ni kwamba porini mtu anajipa moyo, anasema nimalizie hiki kilima ndo niangalie. Kwa taa ya oili hiyo ni hapana. Ile yenye picha ya kibirika ikiwaka nyekundu inasema presha ya oili imeshuka, injini inaweza kujila ndani ya muda mfupi sana, kwahiyo unazima injini hapo hapo, sio baada ya kupata kivuli.

Ila kuna kitu cha 4x4 ambacho gari ya lami haikioni. Ukiwa umeinama sana upande mmoja, au unapanda mwinuko mkali, oili inakimbilia upande mmoja wa sampo (bakuli la oili chini ya injini) na bomba la kufyonzea linaweza kubaki hewani, hasa kama oili ilikuwa chini kidogo tangu mwanzo. Taa inawaka sekunde moja inazima, unafika tambarare hamna kitu, unasahau. Usisahau. Simamisha gari sehemu tambarare, zima, subiri dakika kama tano hadi kumi oili ishuke chini, vuta dipstiki, futa, rudisha, vuta tena usome. Ikiwa chini ya alama ya chini umeshapata jibu, ongeza alafu tafuta inavujia wapi, na hapo angalia kama sampo imegonga jiwe. Ikiwa oili iko sawa na taa bado inawaka injini ikiwa sailensi (inanguruma bila kukanyaga mafuta), usiwashe tena mpaka presha ipimwe na geji ya kufunga pale inapokaa swichi ya oili, maana hiyo swichi yenyewe inaweza kuwa ndo mbovu lakini hiyo sio kitu cha kubahatisha.

Kwenye gari za zamani zenye swichi ya waya mmoja kuna kipimo rahisi. Injini imezimwa, swichi iko oni, taa inatakiwa iwake. Chomoa ule waya kwenye swichi ya oili, taa inatakiwa izime. Kama umechomoa na taa bado inawaka, basi waya umegusa bodi ya gari mahali fulani, umechubuka, na injini yako huenda haina kosa lolote. Gari mpya ambazo taa inapitia kwenye kompyuta kipimo hiki hakikwambii kitu, usikitegemee.

Joto. Taa nyekundu ya joto ikiwaka baada ya matope, kitu cha kwanza kukishuku ni rejeta iliyozibwa. Tope linaingia katikati ya mapezi yake, na kama una kondensa ya eisii mbele yake basi tope linakaa katikati ya hizo mbili ambapo hulioni kabisa ukiangalia kwa mbele. Simama, zima eisii, washa hita hadi mwisho ili itoe joto kwenye injini, na kama feni inazunguka na maji hayajamwagika acha injini isailensi kidogo uone mshale unashuka au hapana, kama haushuki zima. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa cha moto, hayo maji yana presha na yanababua uso. Ikishapoa osha rejeta kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda mbele, yani unalirudisha tope lilikotokea, na usitumie mashine ya presha kubwa kwa karibu maana inalaza mapezi na unakuwa umeiziba wewe mwenyewe.

Wenye gia otomatiki wengine wana taa ya joto la oili ya giaboksi, mara nyingi imeandikwa A/T OIL TEMP. Inawaka sana kwenye mchanga na kwenye vilima virefu vya polepole. Wengi wakiiona wanadhani giaboksi imeisha. Simama, weka P, acha injini isailensi hadi taa izime, alafu ukiendelea tumia gia nzito ya 4LO, kwasababu joto lile linatokana na konveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) kuteleza wakati unalazimisha gari kubwa itembee polepole na gia za juu. Ikiwaka kwenye lami ukiwa huna mzigo, hapo sasa ndo tatizo.

Taa ya betri, fungua boneti uangalie mkanda kabla ya kitu kingine. Mkanda umekatika au umetoka? Kwenye injini nyingi mkanda huohuo ndo unazungusha pampu ya maji, kwahiyo ukiendelea kuendesha kwa kusema ni betri tu, injini itachemka. Mkanda ukiwepo na umekaza, chukua multimita. Injini imezimwa na gari imepumzika betri nzima inasoma kama volti 12.6, injini ikiwaka inatakiwa ipande kati ya 13.8 na 14.5 hivi, kwenye gari zenye chaji ya kawaida. Ikibaki 12 na kitu injini inazunguka basi altaneta haichaji. Na altaneta iliyolala kwenye maji ya tope ina ugonjwa wake, tope linaingia kwenye brashi zile za kaboni na slip ringi (ringi zinazosuguliwa na brashi), zinaliwa haraka au zinakwama, kwahiyo ukitoka matopeni imwagilie maji safi ya presha ndogo kabla tope halijakauka.

Taa ambazo sio ugonjwa

Hapa ndo watu wanapoteza amani bure. Ukifunga difu loki ya nyuma kwenye Prado au Hilux na gari nyingi za aina hiyo, taa ya ABS na ya VSC zinawaka. Hiyo ni makusudi. Matairi ya nyuma yamefungwa yazunguke pamoja, kompyuta haiwezi tena kusoma tairi moja moja ikaelewa, kwahiyo inajitoa na inakwambia imejitoa. Ukifungua difu zinazima. Hali kadhalika ukifunga difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) au ukiingia 4LO, gari nyingi zinawasha VSC OFF zenyewe.

Taa ya difu loki kublinki nayo mara nyingi sio kifo. Inablinki kwasababu umeomba ifunge na meno hayajakutana bado. Nyoosha usukani, sogea polepole mita chache mbele au nyuma, ikikutana inatulia. Kufungua ni hivyohivyo, ukiwa umeifunga kwenye ardhi ngumu ekseli zinajipinda kidogo na meno yanabanana, rudi nyuma kidogo huku usukani umenyooka yanaachia. Ikiwa umefanya hivyo mara tatu nne na bado inablinki, hapo angalia mota ya difu na soketi yake.

Na 4LO pia ina masharti. Gari isimame kabisa, gia iwe N, ndo ugeuze swichi, alafu usubiri hadi taa itulie kabla hujaweka gia. Mtu anageuza huku gari inatembea, inakataa, inablinki, anasema mota ya transfa (giaboksi ndogo ya kuingiza 4WD) imekufa. Kweli mota hizo zinakufa, na mara nyingi zinakufa kwa kutotumika. Kitabu cha Toyota kwa gari ambazo 4WD inaingizwa kwa kuchagua kinashauri uitumie angalau kilomita 16 kila mwezi ili vyuma vya mbele vipate oili, ila fanya hivyo kwenye vumbi au sehemu inayoteleza, sio lami kavu. Gari iliyokaa mwaka mzima kwenye 2WD alafu siku umekwama ndo unageuza swichi, hiyo taa itablinki tu, mota imeshikana na kutu.

Kuna pia taa ya T-BELT kwenye dizeli za Toyota za zamani kidogo, watu wanahangaika nayo na mashine za kusoma kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta inaandika) wakati ni kaunta ya kilomita tu, inawaka kila kilomita 100,000 au 150,000 kutegemea injini na soko gari ilikouzwa, kukukumbusha ubadilishe mkanda wa taimingi. Lakini usiizime bila kubadilisha mkanda, hasa kama umenunua gari mkononi na hujui historia yake. Na taa ya upepo wa tairi itawaka ukipunguza upepo kuingia mchangani, hiyo ulijiletea mwenyewe, jaza utakapotoka.

Kingine cha haraka ukiwa unanunua gari mkononi, weka swichi oni bila kuwasha injini uangalie dashibodi. Taa za onyo zote zinatakiwa ziwake, ya oili, betri, cheki injini, ABS, eabegi, alafu baadhi zizime baada ya sekunde chache na nyingine injini ikiwaka. Kama kuna ambayo haiwaki kabisa, ujue imeungua au kuna mtu ameitoa makusudi ili usione.

Zikiwaka nyingi kwa pamoja, tafuta mzizi mmoja

Ukiona taa tatu nne zimewaka sekunde ileile, usihesabu magonjwa manne. Gari za siku hizi kompyuta zake zinaongea, moja ikisema siamini namba ninazopata, wenzake wanaozitegemea hizo namba nao wanajitoa. Mfano unaojulikana sana ni wa Toyota za 4x4, cheki injini ikiwaka kwa sababu yoyote ile VSC nayo inajizima na taa yake inawaka, na zingine taa ya 4WD inaungana nao. Kwenye za petroli sababu inaweza kuwa kifuniko cha tenki hakijakazwa tu, mvuke unatoka, kompyuta inaandika kodi kama P0455, na mwenye gari anaona dashibodi nzima imewaka anadhani gari imekwisha. Kaza kifuniko hadi kilie, angalia mpira wake kama umepasuka, kodi futa au endesha siku kadhaa itajizima yenyewe.

Wenye Discovery 2 za 1999 hadi 2004 nao wanajua taa zao tatu, ABS, TC (ya kuzuia tairi kuzunguka bure) na HDC (ya kushukia mlima polepole), zinawaka kwa pamoja utafikiri zimeambizana. Pale mara nyingi chanzo ni kimojawapo kati ya viwili, sensa ya tairi na habu yake, au swichi ndogo za shato vavu (vavu za maji ya breki) zilizo kwenye mtambo wa ABS. Ona tofauti ya gharama kati ya hivyo na mtambo mzima wa ABS.

Sababu nyingine ya taa nyingi kwa mpigo, na hii naiona sana baada ya watu kuvuta kwa winchi, ni volti ndogo. Winchi inakula betri kishenzi, volti zikishuka sana kompyuta zinaanza kuzima moja moja na kuandika kodi za herufi U, yani mawasiliano yamepotea. Ukikuta kodi za U nyingi usifungue kompyuta yoyote, pima betri kwanza, kaza vichwa vyake, alafu pima ethi (waya za hasi zinazoshika injini na bodi). Injini inawaka, taa kubwa na feni viko oni, weka multimita kwenye volti, waya wake mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, isizidi volti 0.2. Alafu hamisha ule wa injini uweke kwenye bodi, vilevile isizidi hapo. Ikizidi, waya wa ethi una kutu au bolti imelegea, na kwenye gari inayozama kwenye maji mara kwa mara hiyo ni kawaida kabisa, kutu inakaa chini ya kichwa cha waya ambapo huioni mpaka ufungue, usugue kwa msasa hadi chuma king'ae, ufunge tena na upake grisi juu.

Kusoma kodi bila kudanganywa nazo

Gari zilizouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 zina soketi ya OBD2 (ya kuchomekea mashine ya kusoma kodi), Ulaya petroli kuanzia 2001 na dizeli miaka michache baadaye. Ni soketi ya pini 16 upande wa dereva chini ya dashibodi. Pini ya 16 ni moto wa betri, ya 4 na ya 5 ni ethi, kwahiyo mashine isipowaka kabisa ukiichomeka angalia fyuzi, mara nyingi ni ile ya kiwashio cha sigara au ya OBD, kabla hujasema soketi imekufa. Kabla ya OBD2, Toyota nyingi zina kiboksi kidogo kwenye boneti ambacho unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi oni, cheki injini inaanza kublinki namba, unahesabu. Ikiblinki sawasawa bila kupumzika maana yake hamna kodi. Kuwa makini usikosee tundu.

Herufi ya kwanza ya kodi inakwambia nyumba gani, P ni injini na giaboksi, C ni chasisi yani breki na 4WD na sasipensheni, B ni bodi na eabegi, U ni mawasiliano. Vile viadapta vidogo vya blutuuthi vya bei nafuu vingi vinasoma P tu, kwahiyo taa ya ABS inawaka we unachomeka inasema hamna kodi, unadhani mashine ni mbovu. Kwa ABS na 4WD tafuta skana inayoingia kwenye hizo kompyuta, au programu ya simu ya aina ya gari yako.

Alafu, kitu ninachokisisitiza kuliko vyote kwenye sehemu hii, usifute kodi kabla hujaandika. Piga picha dashibodi, piga picha kodi zote, na ufungue ile sehemu ya frizi fremu, inaonyesha wakati kodi inaandikwa gari ilikuwa spidi gani, injini mizunguko mingapi, joto kiasi gani. Ukisoma P0301 peke yake unajua silinda ya 1 inamisi (haichomi mafuta vizuri), ukisoma na frizi fremu kwamba ilitokea spidi 8 na injini imepoa, alafu ukakumbuka ulikuwa unavuka dimbwi, umeshafika, angalia kisima cha plagi kama kimeingia maji. Kausha, vaa mpira wa koili vizuri, mara nyingi imeisha. Ila cheki injini ikiwa inablinki, sio kuwaka tu, ujue injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inakwenda kuunguza katalisti (kisafisha moshi kwenye ekzosi), toa mguu kwenye mafuta, simama.

Na kodi inataja eneo, haitaji mhalifu. P0171 ni mchanganyiko una hewa nyingi, watu wanakimbilia kununua sensa ya oksijeni wakati ni mpira wa hewa umepasuka baada ya chujio, ile uliyoifungua juzi kutoa vumbi ukafunga nusu. P0299 kwenye dizeli yenye tabo (inayosukuma hewa kwenye injini) ni presha ya tabo iko chini, angalia mpira wa intakula (kipoza hewa ya tabo) kama umechomoka kwa kutikisika na mipira midogo ya vakyumu kama imepasuka, kabla hujagusa tabo. P0087 presha ya dizeli ndogo, anza na chujio. Kwenye dizeli ukiona taa ya maji kwenye chujio usiichelewe, fungua koki ya chini ya chujio kama mzunguko mmoja, pampu kwa mkono hadi maji yaishe itoke dizeli safi, funga. Maji yakifika kwenye injekta za komon reli (mfumo wa dizeli wa presha kubwa) hasara yake ni kubwa. Na kwenye dizeli za Volkswagen kama Amarok, taa ya koili ya kuwashia asubuhi ikiblinki huku unaendesha sio mambo ya baridi, ni injini imeandika kodi, isome.

Sensa za matairi, hapa ndo kazi kubwa ilipo

Sasa nirudi kwenye zile taa zangu tatu. Sikuagiza pampu. Nilitafuta skana inayoingia kwenye ABS, ikatoa kodi moja tu, sensa ya tairi ya nyuma kushoto. Moja, sio tatu. VSC ilijitoa kwasababu haina namba ya tairi moja, na mfumo wa 4WD nao ukalalamika kwasababu unatumia namba zilezile. Hata hivyo sikununua sensa, kwasababu kodi inasema mkondo wa sensa, na mkondo ni sensa pamoja na waya pamoja na soketi pamoja na ile ringi ya meno inayosomwa.

Fanya hivi. Fungua laivu data (namba zinazosomwa papo hapo kwenye skana), chagua spidi ya matairi manne, mwambie mtu mwingine akae na skana maana dereva anaangalia njia, endesha moja kwa moja barabara tupu spidi kama 20. Matairi manne yanatakiwa yasome karibu sawa. Moja ikisoma sifuri muda wote, waya umekatika au sensa imekufa. Moja ikisoma vizuri alafu ikaruka sifuri kila ukipita bonde, waya una mguso mbovu unaofuata kutikisika. Moja ikitofautiana kidogo na wenzake muda wote kwa kiwango kilekile, angalia tairi yenyewe, upepo, au umefunga saizi tofauti, na kwenye 4x4 tairi nne za saizi tofauti zinasumbua ABS na pia zinabana transfa ukiwa 4WD. Yangu ilikuwa inaruka sifuri kila bonde.

Kisha uingie chini. Gari iwe juu ya stendi, sio jeki peke yake, tafadhali, na sehemu ngumu. Fuata waya kwa vidole kutoka sensa hadi inapoingia kwenye bodi, sentimita kwa sentimita, ukiukunja kidogo kila mahali. Gari zilizoinuliwa kwa seti ya sasipensheni ndo zina ugonjwa huu sana, waya wa kiwandani una urefu wa sasipensheni ya kiwandani, ukiinua sentimita tano na ekseli ikaning'inia kwenye mawe, waya unavutika hadi mwisho, unakatika ndani huku ganda la nje liko zima kabisa kwa macho. Wangu klipu moja ilikuwa imekatika, waya ukawa unasugua fremu, ganda limetoboka kama tundu la sindano, siku zote ulikuwa unafanya kazi hivyohivyo mpaka siku maji yalipoingia humo na shaba ikaanza kuoza kijani. Maji hayakuua kitu, yalionyesha jeraha la zamani.

Nilikata sehemu iliyooza yote hadi shaba inayong'aa, nikaunga kwa kulehemu risasi, nikavalisha mpira wa kubana kwa moto wenye gundi ndani, sio seloteipu ya umeme maana ikilowa inafunguka, alafu nikarefusha njia ya waya na kuweka klipu mpya mbili. Pampu ya ABS ni ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Kama waya ni mzima, toa sensa yenyewe uangalie ncha. Za sumaku zinakusanya unga wa chuma na tope, futa kwa kitambaa, usikwaruze. Kama imekwama kwa kutu kwenye habu usiigonge na nyundo, itavunjikia ndani, weka dawa ya kulegeza kutu uache hadi kesho. Tochi kwenye tundu, zungusha tairi, angalia ringi kama imejaa tope, imevunjika jino au imepasuka kwa kutu. Zile sensa za aina ya zamani za waya mbili unaweza kupima ohm, nyingi ziko kati ya 800 na 2,000 hivi, lakini kikubwa ni kulinganisha na ya upande wa pili wa gari yako, zikiwa karibu sawa iko vizuri. Sensa za kisasa zenye elektroniki ndani ohm haikwambii kitu na unaweza kuziharibu, hizo hukumu yake ni laivu data.

Soketi nazo zifungue, ile mpira wa ndani ipo? Kuna unga wa kijani au mweupe? Puliza spreyi ya kusafishia soketi za umeme, acha ikauke, paka grisi ya umeme kidogo kwenye mpira, funga hadi usikie imelia. Za eabegi tu, zile soketi za njano chini ya viti na kwenye usukani, usizichokonoe na multimita kabisa, hiyo ni ya mtu mwenye vifaa vyake, hata kama unajua ni tope tu limeingia chini ya kiti.

Ukishatengeneza ndo futa kodi. Alafu usiiendeshe kwenye lami laini ukasema imepona, ipeleke kwenye mabonde, ikunje sasipensheni, pita dimbwi, maana tatizo lilitokea huko. Simama, soma tena pamoja na kodi zilizo kwenye pending, zile ambazo hazijawasha taa bado. Ikirudi, linganisha na picha uliyopiga mwanzo, kama ni namba ileile ulikosea mahali kwenye mkondo uleule, endelea kufuata waya, kama ni namba mpya basi kuna kitu umekigusa wakati unatengeneza, na hicho kiko ndani ya nusu mita kutoka ulipokuwa umeweka mikono.